Tahadhari Isiyo na Mwenyewe: Kulinda Makontena Yakiwa Kazini Nairobi

Julai 2023 eCitizen ililemewa hadi ikawa haifunguki. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika, na Eliud Owalo, aliyekuwa Waziri wa Mawasiliano, akakiri kwamba shambulio limetokea huku akisisitiza kwamba hakuna data iliyopotea. Novemba 17, 2025, tovuti za wizara kadhaa, zikiwemo za Mambo ya Ndani, Afya na Elimu, zikakutwa zimebandikwa maneno ya kibaguzi. Wiki mbili baadaye, Desemba 3, ikatangazwa kasoro ndani ya React, maktaba ya programu iliyomo kwenye tovuti nyingi mno duniani. Kasoro hiyo ilimwezesha mtu asiye na akaunti wala nenosiri kuendesha amri zake ndani ya seva ya mwenziwe.

Mitaani na hata kwenye vikao vya bodi, yote matatu huitwa udukuzi, na agizo linalotoka kikaoni huwa lile lile: tafuteni kitu cha kufuatilia usalama. Takwimu rasmi zinazidisha mkanganyiko. Kituo cha KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano pale Waiyaki Way, kiliripoti matukio ya vitisho vya mtandao yapatayo bilioni 2.5 kati ya Januari na Machi 2025. Tarakimu hiyo inahesabu dalili na majaribio yaliyonaswa na vitambuzi. Haihesabu mifumo iliyoingiliwa. Anayeisoma kama idadi ya wizi atakimbilia kununua chombo chochote kinachouzwa. Anayeipuuza kabisa atapitwa na lile jaribio moja lililofaulu ndani ya hayo mabilioni.

Uchambuzi huu unashughulikia sehemu moja ya tatizo hilo: kuzifuatilia programu za wavuti zilizo ndani ya makontena wakati zinapofanya kazi. Ndilo swali lililo mezani kwa kampuni za malipo za Westlands, kampuni changa za Kilimani na Lavington, na wahandisi wa katikati ya jiji wanaotengenezea sacco na shule mifumo yao. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Chombo utakachochagua kina uzito mdogo kuliko kazi inayopaswa kukitangulia, na tahadhari isiyo na mtu aliyepewa jukumu la kuipokea, pamoja na mamlaka ya kuchukua hatua, haimlindi mteja yeyote.

## Mashambulio matatu, dawa tatu

Lililoipata eCitizen lilikuwa mafuriko ya maombi. Mwezi mmoja tu kabla yake, Serikali ilikuwa imezindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye mfumo huo, kwa hiyo mlango mmoja ulipozibwa, wenye shida ya pasipoti, viza na tiketi za treni wote waliathirika. Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kuhusiana na kundi hilo. Dawa ya mafuriko hukaa mbele ya seva, kwa watoa huduma wa mtandao na kampuni za kuchuja maombi. Kitambuzi kilichomo ndani ya seva kingeona tu kwamba programu ina kazi nyingi kuliko kawaida.

Tovuti inayobadilishwa sura nayo, mara nyingi, huwa na mlango wa msimamizi uliolindwa ovyo au programu ya zamani isiyosasishwa. Hapo dawa ya kwanza ni nidhamu ya akaunti na masasisho.

La tatu ndilo letu. Mvamizi anaingia kupitia programu yenyewe, kwa ombi linalofanana na maombi mengine yote, kisha anafanya kazi akiwa ndani. Hapo ndipo ufuatiliaji wa wakati wa kuendesha unapokuwa na nafasi ambayo kitu kingine hakiijazi.

## Kontena linagawana nini na jirani yake

Docker ilitoka mwaka 2013 na kurahisisha kufunga programu pamoja na vyote inavyohitaji katika kifurushi kimoja kinachoitwa imeji. Google ikaitoa Kubernetes mwaka 2014, na toleo lake la kwanza kamili likafuata Julai 2015. Kazi yake ni kuyapanga, kuyaongeza na kuyaondoa makontena mengi kwa pamoja. Sababu za mfumo huu kupendwa Nairobi zinaeleweka. Timu ya watu wachache inaweza kutoa toleo jipya mara kadhaa kwa siku, na seva moja inabeba programu nyingi bila kugharimia mashine nzima kwa kila moja.

Bei ya urahisi huo imefichika. Makontena ni kama vyumba vya ploti moja: kila mpangaji ana mlango na kufuli yake, lakini tangi la maji ni la wote. Tangi hilo ni kerneli ya Linux, kiini cha mfumo wa uendeshaji. Kila kontena kwenye seva linapeleka maombi yake kwa kerneli ile ile, na kinachoyatenganisha ni mipaka iliyowekwa na kerneli yenyewe. Februari 2019 ilipatikana kasoro ndani ya runc, programu inayoanzisha makontena, iliyomruhusu aliye ndani ya kontena kuishika seva nzima. Januari 2024 ikapatikana nyingine ya aina hiyo hiyo.

Bei ya pili ni ufupi wa maisha. Kontena likipata hitilafu huondolewa na jingine kuwekwa mahali pake, na ushahidi uliokuwa ndani yake unafutika nalo. Hata kumbukumbu za matukio ya Kubernetes yenyewe, usipobadilisha mpangilio, huhifadhiwa kwa saa moja tu. Mvamizi wa saa nane usiku anakuwa amefutiwa nyayo na mfumo wako mwenyewe kabla ya watu kufika kazini.

## Kinachotokea ndani

Tuchukue mfano wa kufikirika wa programu ya mikopo midogo. Ndani ya kontena lake kuna mchakato mmoja tu unaojulikana, node. Kutwa nzima node inapokea maombi ya wateja, inauliza hifadhidata, inatuma malipo kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom unaounganisha programu na M-Pesa, inapeleka SMS kupitia Africa's Talking, na kuwasilisha ankara kwa eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA. Haina shughuli nyingine.

Usiku linafika ombi lililotengenezwa kwa hila. Mara node inazaa mchakato mpya: sh, yaani sheli ya kupokea amri. Sheli inafungua faili la /proc/self/environ, ambamo mna vigezo vyote ambavyo kontena lilipewa wakati wa kuanza. Kama wahandisi waliweka siri humo, na wengi huziweka, basi mvamizi sasa ana nenosiri la hifadhidata na funguo za Daraja. Iwapo miongoni mwake zimo za kutuma pesa kutoka kwa kampuni kwenda kwa wateja, ameshika mkoba. Baada ya hapo curl inapakua faili moja ndani ya /tmp, faili linapewa ruhusa ya kuendeshwa, na muunganisho unafunguka kuelekea anwani ambayo programu haijawahi kuzungumza nayo.

Sasa jiulize nani aliona nini. Fayawoli ya wavuti iliona ombi moja katika maelfu. Kikagua imeji hakikuona kitu, kwa sababu imeji haikubadilika. Logi ya programu huenda ina mstari mmoja wa hitilafu, au haina chochote. Kerneli, hata hivyo, iliombwa kila hatua: izae mchakato, ifungue faili, iunganishe na anwani. Wazo zima la ufuatiliaji wa wakati wa kuendesha limejengwa juu ya ukweli huo.

Wengi wa wavamizi hawa huishia kupachika programu ya kuchimba sarafu za kidijitali. Tesla yenyewe iligunduliwa mwaka 2018 ikiwa na mchimbaji wa namna hiyo, baada ya dashibodi yake ya Kubernetes kuachwa bila nenosiri. Mchimbaji hula nguvu za kompyuta na hatimaye hujionyesha kwenye bili. Wa kuogopwa zaidi ni yule anayechukua funguo na kutoka kimya.

## Kambi ya kwanza: funga mapema

Wahandisi wengi wazoefu husema pesa na muda viende kwenye kufunga milango kabla ya kuangalia nani anapita. Kila imeji ikaguliwe kwa programu kama Trivy kabla haijatumika. Kontena lisiendeshwe na mtumiaji mkuu wa mfumo. Faili zake ziwe za kusoma tu. Imeji isibebe sheli wala curl kama programu haizihitaji. Mawasiliano ya kutoka nje yafungwe yote, kisha yafunguliwe yale yanayojulikana pekee.

Nguvu ya kambi hii ni kwamba karibu kila ilichotaja hakina gharama ya leseni. Kwa programu za Nairobi kuna faida ya ziada ambayo haitajwi vya kutosha: orodha ya mahali zinapopaswa kuzungumza napo ni fupi. Daraja, mtoa huduma wa SMS, KRA, hifadhidata, pengine na kampuni moja ya kadi. Programu yenye marafiki watano ni rahisi kuiwekea mipaka, na mvamizi aliyeingia humo hana pa kupakulia faili lake wala pa kupeleka alichoiba moja kwa moja. Ipo kero ya utekelezaji, kwa kuwa kanuni za kawaida za mtandao za Kubernetes, kwa mawasiliano ya nje, zinatambua namba za anwani tu, wala hazitambui majina, na namba za washirika hubadilika bila taarifa. Itabidi kutumia Cilium, ambayo hutambua majina, au kupitisha mawasiliano yote ya nje kwenye seva moja ya wakala.

Udhaifu wa kambi hii ulionekana Desemba 2025. Imeji yenye React iliyopita ukaguzi Jumanne, Desemba 2, ilikuwa na kasoro ya daraja la juu kabisa, 10 kwa 10, Jumatano yake, bila herufi moja kubadilika ndani yake. Majaribio ya kuitumia kasoro hiyo yalianza saa chache baada ya kutangazwa. Log4Shell, kasoro nyingine iliyotangazwa Desemba 2021, ilikuwa na mwendo huo huo. Kati ya saa kasoro inapotangazwa na saa unapomaliza kusasisha, ukaguzi wa imeji unaweza kukwambia kwamba uko hatarini, lakini hauwezi kukwambia kama mtu ameshaingia.

## Kambi ya pili: tazama kutoka kwenye kerneli

Kambi ya pili inaanzia hapo. Chombo chake kinachojulikana zaidi ni Falco, kilichobuniwa na kampuni ya Sysdig mwaka 2016, kikakabidhiwa kwa wakfu wa CNCF mwaka 2018 na kutangazwa kuwa kimekomaa Februari 2024. Wenzake ni Tracee ya Aqua Security na Tetragon ya Isovalent, kampuni ambayo Cisco iliinunua mwaka 2024. Vyote vitatu ni programu huria. Vinatumia eBPF, uwezo wa kerneli wa kuendesha programu ndogo zilizohakikiwa ndani yake bila kuibadilisha, na kwa njia hiyo husikia maombi ya kila kontena kwenye seva. Falco ya sasa inahitaji kerneli ya 5.8 au mpya zaidi kwa kitambuzi chake cha kisasa. Seva nyingi za wingu zinatimiza hilo, ila zile za zamani zilizosahaulika kwenye chumba cha seva cha ofisi huenda zisitimize.

Kwa mfano wetu wa mikopo, kanuni moja tu ingetosha kumnasa mvamizi: node isizae sheli. Kanuni ya pili: asiwepo wa kusoma environ kupitia /proc. Ya tatu: faili lisiendeshwe kutoka /tmp. Ya nne: pasiwe na muunganisho nje ya orodha. Kanuni hizi nne haziulizi kasoro inaitwaje wala ilitangazwa lini. Zinauliza programu inafanya nini, na ndiyo maana zingefanya kazi Desemba 2021 na Desemba 2025 kwa namna ile ile. Sijaona hoja nyingine ya upande huu iliyo nzito kuliko hiyo.

Udhaifu nao ni wa kweli. Wa kwanza ni kelele. Mhandisi anayeingia kwenye kontena kutafuta hitilafu anafanya kitendo kile kile anachofanya mvamizi, na kitambuzi hakijui nia. Timu ikizoea kuingia hivyo mara kumi kwa siku, tahadhari ya sheli itageuka kuwa kitu cha kufutwa bila kusomwa. Wa pili ni kwamba seva ikielemewa, kitambuzi kinaweza kuyaacha baadhi ya matukio yapite kwa sababu nafasi ya kuyapokea imejaa; Falco huripoti matukio yaliyopotea, lakini ripoti hiyo nayo inahitaji msomaji.

Wa tatu ni wa kiufundi zaidi na ndio unaofundisha kuliko yote. Aprili 2025 watafiti wa kampuni ya ARMO walionyesha programu ya majaribio waliyoiita Curing, iliyofungua faili na kuwasiliana nje kwa kupitia io_uring, njia ya kerneli inayopokea kazi kwa foleni bila kupitia maombi ya kawaida yanayosikilizwa. Falco haikuona kitu, na Tetragon ilihitaji kuelekezwa mahsusi. Lakini wasifu wa seccomp, kichujio cha maombi yanayokwenda kwa kerneli, unaokuja na matoleo ya karibuni ya Docker na ya containerd, programu nyingine ya kuendesha makontena, unaizuia io_uring kabisa. Tatizo ni kwamba Kubernetes haitumii wasifu huo mpaka uiambie, kwa mstari mmoja wa RuntimeDefault kwenye mpangilio. Mstari wa kufunga mapema, kwa mtindo wa kambi ya kwanza, unaziba tundu ambalo kambi ya pili hailioni. Wanaobishana kana kwamba inabidi kuchagua kambi moja wangeanza kwa kuutazama mfano huu.

## Kuripoti au kuua

Tetragon inaweza kuuamuru mchakato ufe papo hapo, kabla sheli haijafanya lolote. Inavutia, maana binadamu hawezi kushindana na kasi hiyo. Hatari yake inakuja mwisho wa mwezi, wakati mishahara na marejesho ya mikopo yanapita kwa wingi, na kanuni iliyoandikwa vibaya inaua mchakato halali. Kampuni inaweza kujiletea yenyewe kile ambacho mafuriko ya 2023 yaliletea eCitizen.

Kuna somo pia katika Julai 19, 2024, sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5. Mlinzi aliyepewa mamlaka ya ndani kabisa ya mfumo akikosea, anakosea kwa ukubwa wa mamlaka yake. Kitambuzi cha kerneli nacho kina mamlaka ya aina hiyo juu ya seva nzima. Mabadiliko yake yapitie majaribio kama mabadiliko mengine yoyote, na kisasishwe seva moja moja.

Kwangu jibu limeegemea upande wa kuripoti kwanza, kwa wiki kadhaa, hadi ithibitike kwamba kanuni hailii ovyo. Zinazostahili kupandishwa daraja hadi kuua ni chache sana: sheli ndani ya kontena lisilo na sababu yoyote ya kuwa na sheli, na faili geni kuendeshwa kutoka /tmp. Nyingine zibaki kwa uamuzi wa mtu.

## Kununua macho ya wengine

Njia ya kukwepa kazi hii yote ni kulipia. AWS, huduma ya wingu ya Amazon, ina GuardDuty yenye ufuatiliaji wa wakati wa kuendesha, na kwa wanaotumia Fargate, ambako mteja hapewi seva ya kuweka kitambuzi chake, hilo ni chaguo mojawapo. Zipo pia kampuni zinazotazama mifumo ya wateja saa 24. Nairobi yenyewe inazo, Serianu ikiwa miongoni mwa zinazojulikana. Faida ni kwamba saa nane usiku kuna mtu macho. Kwa timu ya wahandisi wanne, hakuna namna nyingine ya kulipata hilo bila kuwachosha hadi waache kazi.

Gharama zake ni tatu. Bili ya wingu huja kwa dola, na Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160 kabla ya kushuka hadi karibu 129 mwaka ule ule. Bajeti iliyopangwa kwa shilingi haiwezi kustahimili mtikisiko wa namna hiyo bila kukata kitu, na mara nyingi kinachokatwa ni muda wa kuhifadhi logi. Pili, macho yaliyo ng'ambo hutegemea nyaya za chini ya bahari. Mei 12, 2024, EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki iliyumba kwa siku kadhaa. Kwa mwenye seva zake hapa Nairobi na dashibodi Ulaya, siku hizo ufuatiliaji wake ulikuwa wa kubahatisha.

Ya tatu ni ya kisheria. Kitambuzi hurekodi amri nzima pamoja na maneno yake, na mhandisi aliyetafuta mteja kwa namba ya simu au ya kitambulisho ameiacha namba hiyo ndani ya logi. Logi hiyo ikitumwa nje ya nchi, imekuwa uhamishaji wa data binafsi chini ya Sehemu ya VI ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ulinzi umezaa wajibu mpya. Inabidi kuchuja logi kabla haijatoka, na kueleza kwenye mkataba nani anaisoma.

Anayekutazamia mfumo pia haujui. Ataona sheli imefunguka, lakini hajui kama ni mhandisi wako au mgeni. Atakupigia simu. Kwa hiyo hata aliyenunua bado anahitaji mtu wa kuipokea simu hiyo.

## Makataa matatu ya kisheria

Sheria za Kenya zimeweka saa zinazotofautiana, na kutofautiana huko ndiko kunakowakanganya wengi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, kifungu cha 40, inamtaka anayeendesha mfumo wa kompyuta aiarifu Kamati ya Kitaifa ya Uratibu ndani ya saa 24 za shambulio. Sheria ya Ulinzi wa Data, kifungu cha 43, inampa mdhibiti wa data, yaani anayeamua data itumikeje, saa 72 tangu alipojua ili amwarifu Kamishna wa Data, na anayechakata data kwa niaba ya mwingine saa 48 za kumjulisha mdhibiti huyo. Kampuni ndogo ya programu ya Moi Avenue inayoendesha mfumo wa sacco iko katika kundi hili la saa 48, na si ajabu kukuta haina habari.

Neno "alipojua" limezaa hesabu mbaya vichwani mwa baadhi ya wakurugenzi: tusipotazama hatutajua, na tusipojua saa haianzi. Hesabu hiyo inavunjika mara mbili. Sheria hiyo hiyo inamtaka mdhibiti wa data aweke hatua za kiufundi zinazofaa za kuilinda, na kutotazama kwa makusudi ni kukiri kwamba hukuziweka. Na saa 24 za sheria ya 2018 zinahesabiwa kutoka kwenye shambulio, hazisubiri ufahamu wako.

Ripoti chini ya kifungu cha 40 inatakiwa kueleza uvamizi ulitokeaje, kadirio la watu walioathirika na hatari inayowakabili. Maswali hayo hayajibiki kwa kontena lililokwisha kufutwa. Yanajibika kwa logi iliyotoka nje ya klasta, yaani kundi la seva zinazoendesha makontena, dakika ile ile tukio lilipotokea, ikawekwa mahali ambapo aliyeishika klasta hawezi kuifuta. Hata kampuni isiyo na mtu wa zamu ya usiku inapata faida hiyo ya kitambuzi: asubuhi itajua ilichoibiwa, na nani wa kuarifiwa. Kwa mteja ambaye namba yake ya kitambulisho imo humo, tofauti kati ya kuambiwa na kutoambiwa ni kubwa.

## Kipimo cha mwisho

Tukipima yote, kambi ya kufunga mapema inapaswa kutangulia, na sababu si ubahili. Kontena lililofungwa vizuri linafanya mambo machache, na kinachofanya mambo machache ni rahisi kukitazama. Sheli ikiondolewa kwenye imeji, kila sheli inayoonekana ni habari. Mawasiliano ya nje yakibaki matano, la sita ni habari. Anayeanza kwa kuweka Falco juu ya makontena yaliyo wazi anajinunulia kelele, na baada ya mwezi atasema chombo ni kibaya.

Baada ya kufunga, kwa timu ya watu wasiozidi kumi, ningependelea Falco au Tetragon yenye kanuni nne au tano zilizoandikwa kwa ajili ya programu yenyewe, logi zikipelekwa nje ya klasta papo hapo, na siri za Daraja zikihamishwa kutoka kwenye vigezo vya mazingira hadi kwenye hifadhi ya siri. Huduma ya kulipia inafaa pale pesa za watu zinapopita usiku na mchana, na mkataba wake uandikwe ukiwa na namba za simu, majina ya vyeo na ruhusa ya kuzima kontena bila kusubiri mkurugenzi apatikane. Ruhusa hiyo ndiyo hukosekana mara nyingi. Mhandisi wa zamu anaona, anaelewa, kisha anaogopa kuzima huduma ya kampuni kwa uamuzi wake, na mvamizi anapata saa mbili za ziada.

Mpangilio wote unaweza kupimwa bila mkaguzi. Ijumaa usiku, mmoja wa wahandisi, kwa idhini ya mkuu wake, afungue sheli ndani ya kontena la wavuti na ajaribu kuwasiliana na anwani isiyo kwenye orodha. Wengine wasijulishwe. Ihesabiwe dakika ngapi zinapita kabla simu ya mtu haijalia, mtu huyo anafanya nini, na Jumatatu kama logi inaweza kuonyesha kila amri iliyotolewa hata baada ya kontena kufutwa. Simu isipolia, hakuna haja ya kuongeza kanuni wala kununua chombo kingine mpaka sababu ya kutolia kwake ipatikane na kurekebishwa, kisha jaribio lirudiwe.